"Umeua!" Imefutwa, Misimamo Imebaki

Binamu yangu anauza magauni ya mitumba Gikomba. Juzi alivaa moja la maua mekundu, akajipiga picha, akaiweka mtandaoni. Rafiki yake akaandika: "Wewe dada, umeua!" Haikupita muda, maoni yakafutwa, eti yanachochea vurugu. Nani kauawa jamani, gauni?

Nikakumbuka misimamo mikubwa ya hawa wenye mitandao. Januari 2021, siku mbili baada ya Bunge la Marekani kuvamiwa, Twitter ilimfungia Trump. Siku hiyo hiyo Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, wakasema kufungia watu pekee hakutoshi: ijulikane nani analipia matangazo na algoriti, yaani kanuni za kompyuta zinazochagua tunachoonyeshwa, zinafanyaje kazi, na sauti za ukweli zitangulizwe. Januari 2025 Zuckerberg, bosi wa Meta wenye Facebook, akatangaza kwamba kampuni inaachana na wahakiki wa ukweli huko Marekani, Trump akiwa amebakiza wiki mbili hivi aapishwe tena. Sadfa tu, bila shaka.

Haya, kuhusu matangazo Mozilla walisema kweli, nakiri. Hizo sauti za ukweli atazichagua nani, hapo sijui kama ningewaachia. Februari 2025 wao wenyewe walileta masharti mapya ya Firefox, na watumiaji wakapiga kelele hadi maneno yakaandikwa upya.

Lakini kinachonichoma ni kwamba misimamo yote hii inaitazama Washington, ilhali uchafu wenyewe umefagiliwa hapa Nairobi. Vijana wa kuchuja yanayowekwa mitandaoni walikaa zamu nzima wakitazama watu wakichinjwa na watoto wakidhulumiwa, ili mimi na wewe tukifungua simu tukutane na mapishi ya pilau. Jirani yangu kule mtaa wa Pipeline alikuwa mmoja wao, ameajiriwa na mkandarasi. Mama yake akimuuliza anafanya kazi gani, anajibu "ya kompyuta," kwa sababu alitia sahihi kwamba hatasema. Aliacha zamani. Mpaka leo halali bila taa.

Mwaka 2023 wachujaji zaidi ya 180 waliokuwa wakichuja Facebook waliishtaki Meta papa hapa. Meta ikajitetea kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Ajabu! Pesa ya matangazo ya duka la barabara ya Luthuli inavuka bahari bila pasipoti, ila kesi ikija ndipo mwenye mali anakumbuka kuwa yeye si mwenyeji. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema kesi itasikizwa hapa hapa. Siku hiyo sikuona kampuni yoyote ya teknolojia ikitoa tamko refu lenye maneno matamu kuhusu imani ya watumiaji.

Rafiki wa binamu yangu alibonyeza kitufe cha kukata rufaa. Jibu lilirudi kabla hajaweka simu mfukoni: uamuzi haubadiliki. Gauni lilienda kwa mia tatu.