Fanksheni ikague tu au iseme pia?

Ukiandika fanksheni (kipande cha programu chenye kazi moja) ya kukagua data, itakayotumika kwenye fomu zote za programu, swali linakuja hapohapo: meseji ya kosa ikae ndani yake, au irudishe tu msimbo kama "tupu" au "fupi_mno" na maneno yatafutwe kwingine?

Wanaoiweka ndani wana hoja nzito. Ukirekebisha sehemu moja umemaliza, na anayesoma kodi ya programu anaona kila kitu bila kufukua mafaili. Kwa programu ya lugha moja mi sioni ubaya kabisa.

Kazi inaanza lugha ya pili ikiingia. Developa anayefikiria kwa Kiingereza anaandika sentensi moja yenye pengo la jina la sehemu, kule inakubali kila jina, ila Kiswahili kina ngeli bwana, jina linahitajika, namba ya simu inahitajika, kiasi kinahitajika, sasa pengo moja utalijazaje? Matokeo ni "Jina inahitajika" kwenye ukurasa wa malipo, na mtu anayetaka kutoa hela yake hapo lazima asite. Idadi nayo hivyohivyo, ukiweka "kama ni 1 sema hivi, zaidi ya hapo sema vile" ndani ya fanksheni umeshawafungia Waarabu nje, maana lugha yao inahitaji maumbo 6.

Django, mfumo wa kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python, wamelitatua vizuri: kosa linabeba meseji, msimbo na vigezo vyake (thamani za kujaza kwenye meseji, kama urefu unaotakiwa) kwa pamoja, fomu ikitaka inabadilisha meseji kwa kutumia msimbo uleule, na tafsiri inasubiri mpaka meseji ionyeshwe. Hilo la kusubiri msilidharau, ukitafsiri wakati programu inawaka watu wote watapata lugha ya seva.

Ila misimbo ina gharama zake, sehemu 20 zenye makosa 5 kila moja ni sentensi 100 kwa mtafsiri, na akiruka moja mteja anaona "fupi_mno" kwenye skrini.

Kwa hiyo mi nasimama hapa: fanksheni irudishe msimbo na vigezo, pamoja na meseji ya akiba isiyotaja jina la sehemu, mfano "Tafadhali jaza hapa", inayotokea chini ya kisanduku chenyewe. Sentensi kamili za pekee ziandikwe kwa simu, malipo na nywila, na popote kosa linapotokea mbali na kisanduku, kama juu ya ukurasa au kwenye SMS, maana huko "hapa" haimwonyeshi mtu kitu.