Lafudhi ya Mlimani na Hadithi za Watoto

Wapo wazazi hapa Moshi, wengine wasomi wazuri, wanaosita kuwasomea watoto wao hadithi kwa sauti kwa kuhofia kuwarithisha lafudhi ya Kichaga, na badala yake huwawashia simu ili wamsikilize msimulizi mwenye Kiswahili cha redioni. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa mwaka 1928, na tahajia yake hufuata sauti za lahaja hiyo. Mtoto aliyezoea kusikia "zambi" ataandika hivyo hivyo siku ya imla, na akiandika "samani" palipotakiwa "thamani" atakuwa ametaja meza na makabati. Mwalimu wa darasa la kwanza hawezi kulifumbia macho jambo hilo.

Hata hivyo, hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Kukosa th na dh ni suala la konsonanti chache, tena si la Wachaga peke yao, kwani husikika sehemu nyingi za bara. Kiimbo ni jambo jingine kabisa. Lugha za Kichaga zina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kutenganisha maana, ilhali Kiswahili hutegemea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mzungumzaji wa Kimachame au Kivunjo anapoongea Kiswahili huja na mapigo ya kwao, na mapigo hayo hayaharibu herufi hata moja.

Bibi mmoja, jirani yangu wa Majengo, huwasomea wajukuu wake jioni. Akifika pale fisi anaponusa nyama, huivuta r ya "harufu" mpaka watoto wanaziba pua kwa vicheko, na yule mdogo kabisa, ambaye bado hajui kusoma, hunyoosha mkono kufunua ukurasa kwa sababu amesikia sauti ya bibi ikishuka. Msimulizi wa kwenye simu, hata awe na matamshi safi kiasi gani, hamsubiri mtoto aulize kwa nini sungura hakukimbia.

Penye ubishi wa kweli, kwa maoni yangu, ni pale msomaji anapowagawia wahusika lafudhi. Watoto hulifurahia sana jambo hilo na sioni sababu ya kulikataza, lakini mazoea yetu yana kasoro: sungura mjanja hupewa Kiswahili cha redioni, na fisi mlafi hupewa lafudhi ya Rombo au ya Meru. Mtoto ambaye bibi yake anatoka Rombo anafundishwa, bila neno la matusi kutamkwa, kwamba bibi anaongea kama mjinga. Dawa iko mkononi mwa msomaji mwenyewe: sungura na awe Mrombo, na simba atoe hukumu kwa sauti ya mzee wa Kimeru.

Kuhusu th na dh, zina wakati wake. Kitabu kikishafungwa, mzazi na mtoto wanaweza kurudia maneno mawili matatu mbele ya kioo, ncha ya ulimi ikiwa kati ya meno, zoezi ambalo watoto huliona ni mchezo. Kumkatiza bibi katikati ya sentensi na kumsahihisha mbele ya wajukuu ni kumwondolea hamu ya kukishika kitabu kesho yake, na nyumba nyingi hazina msomaji wa pili.