Kwanza, ana ndevu?

Picha ile kila ikirudi huja na kijiji kipya. Mzungu amekumbatia samaki wa rangi ya chungwa, mnene kama mtoto wa darasa la tatu, na juu yake maandishi: samaki wa dhahabu, yule mdogo wa mapambo anayefugwa kwenye tangi, wa kilo 30. Mara ya kwanza kuiona ilisemekana ni Ulaya. Juma lililopita, kwenye kundi la WhatsApp la mtaani kwetu, samaki yuleyule alikuwa ameshavuliwa Ukerewe.

Siku hiyo nilikuwa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza kando ya Ziwa Victoria, mbele ya meza ya mama mmoja muuza sangara. Kijana wa bodaboda akamsogezea simu.

"Mayu, ona huyu. Kilo thelathini!"

Mama akafuta vidole kwenye kanga, akaishika simu mbali kidogo na macho. Hakuuliza kavuliwa wapi wala kavuliwa na nani.

"Ana ndevu?"

Kijana akacheka. Mama hakucheka. "Nakuuliza, ana ndevu au hana?"

Ikabidi avute picha kwa vidole viwili mpaka mdomo wa samaki ukajaa kioo. Pembeni mwa mdomo kulikuwa na kitu kama kipande cha tambi kinaning'inia. "Basi huyo si wa kwenye tangi," mama akasema. "Wale wa tangi nimewabadilishia maji miaka minne hotelini. Hawana ndevu."

Nimeona wasomi wakibishana kuhusu picha hizi kwa aya kumi bila kufika pale alipofika mama huyu kwa swali moja. Ubishi wetu mwingi huwa ni kama picha ni ya kweli au imetengenezwa, na kwa zama hizi za akili mnemba hofu hiyo ina msingi. Lakini kwa habari za samaki wa dhahabu wakubwa, mara nyingi samaki yupo, mvuvi yupo, na hata mizani haikukosea. Uongo umekaa kwenye jina.

Chukua huyo maarufu kuliko wote. Novemba 2022 magazeti ya nchi nyingi yaliandika kwamba Mwingereza Andy Hackett amevua samaki wa dhahabu wa kilo 30 na nusu katika maziwa ya Bluewater, eneo la Champagne, Ufaransa. Alipambana naye dakika 25. Samaki mwenyewe ana jina, Carrot, yaani karoti, kwa sababu ya rangi yake. Hayo yote sina sababu ya kuyapinga. Ila mwenye subira ya kusoma mpaka chini alikuta, ndani ya habari hiyohiyo, wasimamizi wa ziwa wakieleza kwamba Carrot ni chotara: mzazi mmoja karpi, samaki mkubwa wa maji baridi, wa ile aina yenye ngozi laini isiyo na magamba, na mwingine koi, yule karpi wa mapambo wa Kijapani. Walimtia wao wenyewe ziwani miaka kama 20 kabla, wavuvi wapate kitu cha kutafuta. Hakuna aliyeficha. Kichwa cha habari tu ndicho kilichoamua kuvaa dhahabu.

Tofauti si ya kitaalamu mno. Karpi na koi wana ndevu nne, mbili kila upande wa mdomo. Samaki wa dhahabu hana hata moja. Kwa mtu wa kandokando ya ziwa letu hili si somo jipya, maana kambare, mbofu na gogogo tunawajua kwa ndevu zao kabla ya kutazama mkia.

Ila ndevu peke yake hazimalizi kesi. Mwaka 2019, huko Minnesota, Marekani, mvuvi alipiga picha na samaki mkubwa wa rangi ya chungwa, naye akaitwa wa dhahabu. Huyo hakuwa na ndevu kabisa. Lakini hakuwa wa dhahabu pia: ni samaki wa asili wa maji ya huko, ambaye Wamarekani wamempa jina la nyati, na baadhi yao hubadilika rangi wakizeeka. Utafiti uliotoka mwaka huohuo ulionyesha kwamba samaki hao wanaweza kuishi zaidi ya miaka 100. Kwangu hiyo ni habari kubwa kuliko iliyosambazwa. Mzee wa karne nzima kageuzwa kuwa pambo la mezani lililokua kupita kiasi.

Hapo ndipo inapobidi kuingia kwenye hesabu. Samaki akirefuka hunenepa na kupanuka pia, kwa hiyo mwenye umbo lilelile akiwa mrefu mara mbili, uzito wake hauwi mara mbili, unakuwa mara nane. Muuza sangara anaijua hesabu hii bila kalamu: sangara wa nusu mita ni kilo moja na nusu hivi, lakini wa mita moja si kilo tatu, ni kilo kumi na kitu.

Sasa tafuta samaki wa dhahabu asiye na shaka, awe ndiyo rula yetu. Mwaka 2013 watafiti waliokuwa wakisaka samaki wavamizi katika Ziwa Tahoe, mpakani mwa California na Nevada, walimnasa mmoja wa karibu sentimita 46, uzito kilo 1.9. Katika Mto Vasse, Australia Magharibi, wametolewa wengine wa uzito huohuo. Na rekodi ya Guinness ya urefu, ya samaki aliyepimwa Uholanzi mwaka 2003, ni sentimita 47.4. Habari tatu kutoka mabara matatu, na zote zinagota karibu na nusu mita. Ukimkuza huyo wa Tahoe bila kumbadili umbo mpaka afike kilo 30, atahitaji urefu wa mita moja na zaidi, mara mbili na nusu ya alivyo. Kwa karpi, mita moja ni mwili wa mkubwa wao. Kwa samaki wa dhahabu ni kama kusikia mtu wa mita nne kaonekana Nyegezi.

Rula hiyohiyo haiwaachi salama hata wenye samaki halali. Desemba 2020 watu wa mbuga za burudani za Greenville, South Carolina, walionyesha samaki wa dhahabu aliyepatikana wakati wa kukagua bwawa lao: kilo 4 na kidogo, urefu sentimita 38. Kwa jina sina ugomvi nao. Lakini kwa kipimo cha Tahoe, samaki wa sentimita 38 anatakiwa awe na kilo moja hivi. Huyu katangazwa na mara nne yake. Samaki wa dhahabu anaweza kuwa na tumbo, tena kubwa, ila mara nne ni nyingi mno kwa tumbo peke yake. Kati ya mizani na rula, mmoja alipitiwa. Namtaja kwa sababu ni mfano wa kinyume: jina la kweli, namba yenye walakini, na kwa kuwa ilitoka ofisini, haikuulizwa.

Wenye kukataa kila kitu nao wana la kujibu. Kuna rafiki yangu mwalimu anayeshikilia kwamba samaki wa dhahabu ni kidole, habari ikisema zaidi ya hapo ni porojo. Anasema amemfuga, anajua. Amemfuga kwenye chombo cha lita kumi! Samaki anayeogelea kwenye maji yaliyojaa uchafu wake mwenyewe, kwa chakula cha kubahatisha, hadumai kwa asili, amedumazwa. Mwachie bwawani uone. Julai 2021 mji wa Burnsville, Minnesota, uliwaomba wakazi waache kutupa samaki wao wa mapambo mabwawani, na ukatoa picha za waliovuliwa, wakubwa wa kujaza mikono miwili. Tena ni viumbe wagumu kufa: maji yakikosa oksijeni chini ya barafu, mwili wao hubadili asidi inayowaumiza kuwa pombe na kuitoa kwa matamvua. Kwa hiyo mwalimu wangu anakosea kama anavyokosea kijana wa bodaboda, ila kwa upande wa pili.

Suala la picha silipi uzito mkubwa, maana hila yake ni ya kale. Mtu akinyoosha mikono kuelekea kwenye kamera, sato wa kilo mbili anakuwa ndama. Tazama vidole: vikionekana vinene kuliko pua ya mwenye navyo, samaki kasogezwa mbele.

Nani anafaidika? Hapa Kirumba uzito wa samaki hupungua. Mvuvi anasema kumi na mbili, mnunuzi anasoma kumi na moja, wanarushiana maneno, mizani inatingishwa, inasomwa tena. Kila gramu ina mtu wa kuigombea, ndiyo maana namba ya mwaloni huwa imeshachubuliwa kabla haijafika kwako. Mtandaoni mgombea wa upande wa pili hayupo. Mwenye ziwa la kuvulia kwa kulipia anapenda samaki wake awe mkubwa, mvuvi anapenda, gazeti linapenda, na msomaji naye anapenda. Haina maana kwamba wamedanganya. Carrot alipimwa na watu wanaopima samaki kila siku, na mimi kilo zake nazikubali. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyekuwa na sababu ya kubishia jina.

Mtu ataniuliza jina lina ubaya gani, karpi au dhahabu si samaki tu? Kwa watu wa ziwa hili swali hilo halijibiwi kirahisi. Sangara si mwenyeji hapa, aliletwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameshageuza ziwa na uchumi wake. Anaweza kufika mita mbili na kilo 200. Ametujengea nyumba na kusomesha watoto, hilo hakuna wa kulikana, na humohumo furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, wa aina nyingi wametoweka. Kwa hiyo habari ya samaki mgeni aliyekua kuliko alivyotarajiwa sisi hatuisomi kama kichekesho. Kilo 30 za Carrot hazitishi chochote, yuko kwenye maji ya mwenyewe na kila anayemvua humrudisha. Wa kutisha ni yule wa kilo 1.9 wa Tahoe, kwa sababu ni wa dhahabu kweli na yuko mahali ambapo hakutiwa na mwenye hesabu. Huyo hakuna aliyemsambaza mpaka Ukerewe.

Na kama ni rangi tunayoitafuta, kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza kuna furu ambaye dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano, hazidi urefu wa kidole cha kati. Wanasayansi waliomweleza mwaka 1985 walimpa jina la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Sijawahi kumwona kwenye kundi lolote la WhatsApp.

Turudi mwaloni. Mama alimrudishia kijana simu yake, akachukua kisu, akaendelea kumfungua sangara aliyekuwa mezani. Kijana hakukubali kushindwa kirahisi. Huenda Ukerewe wana aina yao yenye ndevu, akasema, ziwa ni kubwa.

Mama akaingiza mkono tumboni mwa sangara, akatoa bondo, kile kifuko cha hewa cha samaki, akalitandaza juu ya ubao kama mtu anayekunjua noti.

"Mwanangu, mtu avue kilo thelathini Ukerewe, halafu akae anapiga picha kabla hajauliza bondo leo shilingi ngapi?"