Farasi wa miaka miwili: akimbie sasa au asubiri mwakani?

Kila anayemiliki farasi wa mbio hufikiwa na swali hili kutoka kwa mkufunzi: huyu dogo tumwandikishe mbio za mwezi ujao, au tumwache mpaka mwakani? Mabishano yake ni ya miaka mingi. Kuna wanaosema kumkimbiza thorobredi (farasi wa uzao wa mbio) wa miaka miwili ni kumtwika mtoto mzigo wa mtu mzima. Wengine wanasema mfupa usipofundishwa kasi mapema, kasi itauvunja baadaye. Pande zote zina haki kwa sehemu, lakini naona zinagombania kitu kisichopima chochote: umri ulioandikwa kwenye karatasi.

Kaskazini mwa dunia thorobredi wote huongezewa mwaka tarehe 1 Januari, na katika nchi za kusini kama Australia na Afrika Kusini tarehe 1 Agosti, haidhuru walizaliwa lini. Kwa kuwa mimba ya farasi huchukua kama miezi 11, wafugaji hukimbizana na kalenda. Tangu Desemba majike huwashiwa taa mabandani wapate saa 16 za mwanga kwa siku, ili waingie kwenye joto mapema na kupandishwa kuanzia katikati ya Februari. Hata hivyo wapo wanaozaliwa Mei. Ikifika katikati ya Juni, wakati wa tamasha la mbio la Royal Ascot kule Uingereza, ambako mbio za Coventry Stakes hukimbiwa na hawa wadogo kwa falongo 6, yaani mita 1,200 hivi, aliyezaliwa mwanzoni mwa Februari ana miezi 28. Aliyezaliwa katikati ya Mei ana miezi 25. Ratiba inawaita rika moja.

Mwili hauwaiti hivyo. Gegedu ya ukuaji iliyo juu kidogo ya goti la mbele hufunga, yaani hugeuka mfupa kamili, kati ya mwezi wa 24 na wa 30 hivi, kwa hiyo miezi hiyo mitatu inaweza kuwa tofauti ya goti lililofunga na goti lililo wazi. Uti wa mgongo nao huendelea kukomaa miaka kadhaa zaidi. Wanaotaka kusubiri wanasimama hapo, na hoja yao si ya kubeza, hasa ukitazama nani anayeharakisha. Ada ya mkufunzi, daktari na fundi kwato hulipwa farasi akimbie asikimbie, kwa hiyo mwenye mali anataka kuona zawadi. Kule Marekani, Kentucky Derby ni ya farasi wa miaka mitatu na nafasi ni 20 tu, lakini pointi za kuingia huanza kukusanywa katika mbio za vuli la mwaka uliotangulia, wakiwa bado na miwili.

Minada inaongeza presha. Katika minada ya farasi wa miaka miwili, dogo hukimbizwa falongo 1 au 2 mbele ya wanunuzi, saa mkononi. Mwaka 2006, The Green Monkey alikimbia falongo 1 kwa sekunde 9.8 kule Florida, akanunuliwa kwa dola milioni 16. Maisha yake yote alishiriki mbio 3 na hakushinda hata moja. Zile sekunde zilionyesha anaweza kufyatuka mara moja. Kama miguu itahimili kazi ya mwezi baada ya mwezi, hazikuonyesha.

Wanaotetea subira humtaja pia Justify, ambaye hakukimbia kabisa akiwa na miaka miwili. Mwaka 2018 alishinda Kentucky Derby, jambo ambalo farasi wa aina hiyo hakuwa amelifanya tangu Apollo mwaka 1882, kisha akakamilisha Triple Crown, yaani ushindi wa mbio tatu kuu za miaka mitatu kule Marekani. Mage akarudia kushinda Derby kwa njia hiyo mwaka 2023. Lakini mfano wa Justify una ncha mbili: mbio zake zote 6 alizikimbia ndani ya siku 111, kifundo cha mguu kikavimba, na Julai ya mwaka huohuo akastaafishwa. Kuchelewa kuanza hakukumpunguzia mzigo. Kuliusukuma wote ndani ya miezi minne.

Hoja ya upande wa pili inatoka ndani ya mfupa wenyewe. David Nunamaker wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichunguza kwa nini thorobredi wachanga wengi huumwa ugoko wa mbele. Alichoona ni kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoupata. Mwendo wa matiti na mbio za polepole za maili nyingi huupinda kwa namna moja, kasi huupinda kwa nyingine. Farasi aliyekimbizwa polepole miezi kadhaa kisha akafunguliwa ghafla anakwenda vitani na mfupa ulioandaliwa kwa kazi tofauti. Dawa yake ni vipande vifupi vya kasi, mara kwa mara: baada ya mbio nyepesi, falongo 1 ya mwisho kwa sekunde 15 hivi, mara mbili kwa wiki, kwa wiki kadhaa, kisha falongo 2, ndipo kasi ipandishwe kidogokidogo kuelekea sekunde 12 au 13 kwa falongo.

Zipo pia tafiti zinazoonyesha kwamba waliokimbia wakiwa na miaka miwili hudumu zaidi na hukimbia mbio nyingi zaidi. Hapa naomba tahadhari. Anayefika kwenye geti akiwa na miaka miwili mara nyingi ndiye aliyezaliwa na miguu mizuri; mbovu amekwishachujwa. Ushahidi wa mfupa unanishawishi kuliko takwimu hizo.

Kwa hiyo naunga mkono mazoezi ya kasi katika mwaka wa pili, karibu kwa kila farasi mzima. Kumwingiza kwenye mbio ni uamuzi mwingine, na hauamuliwi na tarehe ya mbio fulani. Huamuliwa na picha ya eksirei ya magoti na kwa kidole gumba. Asubuhi baada ya kazi ya kasi, mshike mguu wa mbele, uuinue, upitishe gumba mbele ya mfupa wa ugoko kutoka chini ya goti kwenda chini, ukibonyeza sawasawa. Linganisha na mguu wa pili. Akishtua mguu, au ukihisi joto au kijivimbe kama nusu yai, mfupa unalalamika. Kwa kuwa Marekani hukimbia kwa kuzunguka kushoto, mguu wa kushoto wa mbele ndio wa kuangaliwa zaidi huko.

Kosa kubwa linatendeka hapo: anapewa fenilibutazoni, dawa ya kutuliza maumivu, maumivu yanatulia, kazi inaendelea. Miezi baadaye, akiwa na miaka mitatu, ufa unatokea palepale. Kinachotakiwa ni kupunguza kasi na umbali mpaka gumba lipite bila mguu kushtuka, kisha kurudi hatua moja nyuma katika ratiba.

Kusubiri nako kuna hatari isiyosemwa sana. Farasi akipumzishwa miezi miwili mitatu, mwili hukarabati mfupa kwa kuchimba sehemu zilizochoka kwanza na kuzijaza baadaye. Akirudi mazoezini mfupa bado una vitundu vya ukarabati huo, na mfupa wa juu wa mguu wa mbele, kati ya bega na kiwiko, huvunjika zaidi katika wiki za kurejea kazini. Mwenye farasi anayesema "tumempumzisha vya kutosha, sasa tumkimbize" anakosea kama yule aliyemharakisha.

Ukiwa mmiliki, hata wa hisa ndogo katika kundi, omba uandikiwe mambo matatu kila wiki mbili: kasi aliyokimbia kwa falongo, idadi ya siku za kasi, na hali ya ugoko asubuhi iliyofuata. Na akitoka mapumzikoni, ratiba ianzie tena kwenye falongo moja ya sekunde 15, hata kama mbio alizokuwa akitayarishiwa zitapita bila yeye.