Chati imejaa, mgonjwa hajageuzwa

Mjini Tabora, ukizungumza na mtu aliyetoka kuuguza, atakwambia manesi wa siku hizi hawana wito. Manesi nao watakwambia wako wachache. Mimi nawaamini manesi zaidi, ila si kwa kila kitu.

Tupige hesabu. Tuseme wodi ina wagonjwa 30, na zamu ya usiku ina nesi mmoja na mhudumu mmoja. Kupima joto, presha na mapigo, kisha kuandika, kukichukua dakika 5 kwa kila mgonjwa, mzunguko mmoja tu unakula saa mbili na nusu. Hapo hajachoma sindano wala kubadilisha dripu. Na aliyepooza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya mgandamizo, kazi inayotaka watu wawili. Lazima kitu kiachwe.

Kinachoachwa ndicho kinachonifikirisha. Mwaka 2006 mtafiti wa Marekani, Beatrice Kalisch, aliorodhesha huduma tisa ambazo manesi aliowahoji walisema hurukwa mara kwa mara, zikiwemo kumtembeza mgonjwa, kumgeuza, kumlisha kwa wakati, kumsafisha, kumfariji na kumwelekeza. Kutoa dawa hakumo. Mvivu angeruka chochote. Hawa huruka yale ambayo daktari hayaulizi kwenye raundi ya asubuhi. Utafiti wa nchi 9 za Ulaya uliotoka 2014 nao ulikuta kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa nesi huendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30.

Hata hivyo, idadi haielezi yote. Wodi ileile, manesi walewale, akibadilishwa inchaji, yaani nesi msimamizi wa wodi, tu mambo hunyooka. Na lugha chafu kwa mama aliyetoka Sikonge na mtoto mgongoni haitokani na ikama, yaani idadi ya watumishi waliopangwa.

Halafu kuna ndugu wa mgonjwa. Mke aliyekuja kutoka Urambo anamwogesha mumewe, anamlisha uji, anamgeuza. Kwa kuwa yupo, pengo halionekani. Asiye na ndugu ndiye anayelipa.

Lakini kinachonikera kuliko vyote ni chati. Saa 4 usiku joto 36.8, saa 8 usiku 36.8, saa 12 asubuhi 36.8, kalamu moja, mwandiko mmoja, yote yamejazwa kwa mkupuo kabla ya kukabidhi zamu. Nesi anajaza kwa sababu kisanduku kitupu kinaleta barua ya kujieleza. Ila kwa kujaza hivyo ameshatoa ushahidi kwamba nesi mmoja anatosha wagonjwa 30. Anayepanga ikama atamwongezea nani, ikiwa karatasi inasema kila kitu kilifanyika?

Ningependa chati iwe na nafasi ya kuandika "haikufanyika" na sababu yake, na adhabu ibaki kwa anayeghushi. Najua mganga mfawidhi atauliza: mgonjwa akifa, wakili wa familia akaipata karatasi hiyo, nani ataiokoa hospitali? Swali ni zito. Ila chati ya 36.8 mara tatu, kwa mtu aliyekutwa amekufa alfajiri, hiyo nayo wakili ataisoma vipi?