Bakteria ndo aliyewasha moto kwenye ini la panya, ila ini la binadamu ni jumba lingine

Mwaka 2008 kuna watafiti waliwadunga panya bakteria anaitwa Novosphingobium aromaticivorans, ni wa kwenye udongo na maji huko, baadaye maini ya wale panya yakaanza kuvimba. Na sio kwamba bakteria alikuwa analitafuna ini, hapana, ni kinga yao wenyewe ndo ilikuwa inabomoa mirija midogo ya nyongo. Kwenye damu wakawa na antibodi (protini za kinga) zilezile anazokuwa nazo mgonjwa wa PBC, ule ugonjwa wa mirija ya nyongo ambao wagonjwa tisa kati ya kumi hivi ni wanawake.

Antibodi zenyewe zinalenga protini ya mitokondria (vile vinu vya nishati ndani ya seli), inaitwa PDC-E2, na bakteria naye ana ya kwake inayofanana nayo (si ajabu, mitokondria asili yake ni bakteria wa kale, ni ndugu hao). Sasa mtu atauliza, mbona E. coli, yule bakteria wa utumboni, naye anayo, na mitokondria ziko karibu kila seli, kwa nini liumie ini tu? Hapa ndo utafiti ulinikamata. Huyu bakteria kwenye ukuta wake ana mafuta fulani yenye sukari ambayo seli za kinga ziitwazo NKT zinayatambua haraka sana, na hizo NKT kwa panya makazi yake makubwa ni ini, na bakteria naye anaenda kujazana hukohuko, yaani mlinzi na mwizi wamekutana chumba kimoja, kinachovunjika ni vyombo vya humo.

Halafu ugonjwa ukishakomaa, ukichukua seli T (seli nyingine za kinga) za panya mgonjwa ukampa panya mzima naye anaugua, bila bakteria na bila NKT. Kwa hiyo kumkosa bakteria kwa mgonjwa hakumsafishi bakteria. Sawa, ila hoja hii inanipa wasiwasi kidogo, maana ukimkuta ana hatia, usipomkuta ana hatia vilevile, hiyo kesi atashindaje?

Wanaopinga kwamba bakteria huyu ndo anayeanzisha PBC kwa watu nao wana pointi nzito. Kwenye ini la panya NKT zinaweza kufika hata asilimia 30 ya limfosaiti (kundi la seli nyeupe za kinga), kwa binadamu ni kama asilimia 1 au chini, sisi tumejaza seli za aina nyingine, MAIT, ambazo hazijali mafuta hayo kabisa. Alafu panya walidungwa kwenye mshipa, wakati ini letu linapata kama robo tatu ya damu yake kutoka utumboni na limezoea vipande vya bakteria kila siku bila kupiga kelele.

Mi kwamba bakteria anaweza kuanzisha nakubali, kwamba ndiye anayeanzisha kwa watu bado. Wa kuangaliwa ni wale wenye antibodi damuni huku ini bado zima, wafuatiliwe miaka, maana kwa mgonjwa aliyekwisha kuharibika mirija unafika moto umeshakula nyumba na kiberiti chenyewe kimeungua.