Wakutubi wajifunzie mitandao kaunta, si ukumbini

Mwanafunzi anayeshuka kutoka Rombo mpaka Moshi mjini kutafuta kitabu kimoja hulipa nauli ya kwenda na kurudi hata akikuta kimeshaazimwa. Ujumbe mmoja wa WhatsApp ungemwokolea pesa hiyo, mradi upande wa pili awepo mtumishi wa maktaba anayejua kuujibu. Hapo ndipo tunapokwama. Watumishi wengi wana simu janja na huzitumia kutwa kwa mambo ya nyumbani, lakini kazini mitandao imeachiwa kijana mmoja wa kompyuta. Akienda likizo, maktaba inakuwa bubu.

Dawa iliyozoeleka ni semina ya siku moja: ukumbi, projekta, chai, cheti. Naipinga semina hiyo waziwazi. Vyombo vya mtandaoni hujifunzwa kwa vidole, na kilichoonyeshwa ukutani Jumatano bila mtu kukigusa kinakuwa kimesahaulika Jumatatu. Mwaka 2006 Helene Blowers, wa maktaba ya umma ya Charlotte na Mecklenburg huko North Carolina, Marekani, aliwapa watumishi wenzake mazoezi madogo 23 wayafanye wenyewe kwa wiki 9, na waliomaliza wakazawadiwa kicheza muziki. Baadhi ya vyombo walivyojifunza vimeshakufa. Njia yenyewe haijafa: zoezi dogo, kila mtumishi kwa mkono wake, ndani ya saa za kazi.

Kwa Moshi au Arusha ningeanza na WhatsApp, kwa sababu wasomaji wako huko tayari. Lakini kabla ya zoezi la kwanza, laini ya simu ya maktaba ishughulikiwe. Hapa Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Mtumishi akiisajili kwa jina lake, siku anapohamishiwa Babati anaondoka na namba ambayo wasomaji wote wameihifadhi. Isajiliwe kwa jina la taasisi. Kisha pakua WhatsApp Business, ambayo ni ya bure, na siku hiyohiyo washa uthibitisho wa hatua mbili: namba ya siri ya tarakimu 6 pamoja na baruapepe ya ofisi. Namba hiyo ikae kwenye bahasha ndani ya kabati la mkuu wa maktaba. Watumishi wote waelezwe kwamba tarakimu 6 za usajili zinazokuja kwa SMS haziombwi na mtu yeyote mwenye nia njema. Anayezitoa anaikabidhi akaunti kwa tapeli. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wakimaliza muda wao, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na uondoe vyao.

Simu moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine vinne, kwa hiyo kompyuta ya kaunta na ya chumba cha rejea zote zinaweza kujibu. Ila simu yenyewe isipotumika kwa siku 14, vifaa hivyo hukatika. Baada ya likizo ndefu, mtumishi anayeona kompyuta haifungui ujumbe aanze kwa kuwasha simu kabla hajaita fundi.

Zoezi la wiki ya kwanza lifanyike saa mbili asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa. Watumishi wakae wawili wawili: mmoja aulize kwa simu yake kama msomaji, mwenzake ajibu kwa simu ya maktaba, kisha wabadilishane. Maswali yawe yale ya kila siku: mnafungua saa ngapi, uanachama unahitaji nini, faini ni kiasi gani, kitabu fulani kipo. Majibu mazuri yahifadhiwe kama majibu ya haraka, yale yanayoitwa kwa kuandika alama ya mkwaju (/) na neno fupi. Programu inaruhusu 50. Kumi yanatosha kabisa. Kila jibu liandikwe tarehe lilipohakikiwa, maana ada ikibadilika huku jibu la zamani limebaki, msomaji atafika kaunta na pesa pungufu, na ugomvi utakuwa halali yake.

Hapa kwenye kujibu ndipo ninapotaka muda mwingi utumike. "Kipo" si jibu. Mtumishi ainuke aende rafuni akione kitabu kwa macho, kwani katalogi humwonyesha kuwa kipo hata kitabu ambacho mtu amekirudisha mahali pasipo pake. Ndipo aandike jina la kitabu, mwandishi, namba ya rafu (fasihi ya Kiswahili, kwa mfano, iko 896.392) na muda kitakaowekwa kaunta, tuseme mpaka saa kumi jioni. Aliyeanza na "Shikamoo" aitikiwe "Marahaba" kwanza. Mwanafunzi akiuliza kwa vifupisho vya vijana, ajibiwe kwa Kiswahili kamili bila kukaripiwa.

Kosa kubwa ninaloliona ni kufungua kundi la wasomaji wote. Kundi huanika namba ya kila mwanachama: binti wa kidato cha pili ataanza kupokea ujumbe wa watu asiowajua, na maktaba ndiyo iliyowapa namba yake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria jambo hili si la heshima. Kwa matangazo tumia orodha ya kutuma kwa wengi, inayobeba watu 256. Ujumbe wake humfikia tu aliyehifadhi namba yenu, kwa hiyo msomaji aihifadhi palepale anapojaza fomu ya uanachama. Wakizidi, fungua chaneli. Huko wafuasi hawaoneani namba.

Picha nazo zina ufundi wake. Vitabu vipya vitatu karibu na dirisha vinasomeka. Rafu nzima chini ya taa haisomeki. Ukurasa wenye maandishi utumwe kama dokumenti, kwa kuwa ukitumwa kama picha hubanwa na herufi ndogo zinafifia. Saa za Desemba, mji unapojaa waliorudi nyumbani kula Krismasi, ziwekwe kwenye wasifu wa akaunti pia, kwa sababu stetasi hupotea baada ya saa 24.

Mtumishi mwenye huruma atashawishika kupiga picha kitabu kizima na kumtumia mwanafunzi. Asifanye hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi. Kwa vitabu vya kiada, atume kiungo cha maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Wiki za baadaye ziguse Facebook (ukurasa uwe na wasimamizi wawili au zaidi) na Wikipedia ya Kiswahili. Hii ya mwisho naipenda sana. Mkutubi afungue makala kuhusu Kilimanjaro au kahawa, atafute sentensi isiyo na chanzo, aithibitishe kwa kitabu kilichopo rafuni, abonyeze Hariri na kuongeza rejeo lenye ukurasa. Kazi hiyo tumesomea, na watu wa mtandaoni wanaihitaji.

Bando liingizwe kwenye bajeti ya ofisi pamoja na karatasi na wino. Mtumishi anayejibu wasomaji kwa fedha ya mfukoni mwake ataacha, na atakuwa na haki. Kwenye kaunta liwepo daftari: tarehe, swali, jibu, jina la aliyejibu. Swali lililorudi mara tano kwa mwezi liandikiwe jibu la haraka, na lililoshindikana lipelekwe kwa mkuu wa maktaba siku hiyohiyo, jina la aliyelipokea likiwa mbele yake mpaka msomaji ajibiwe.